Waraka kwa Badawi, Maskati

Kalamu nimeishika, Badawi nakwandikia,
Salamu zikishafika, Maskati zikatulia,
Kodi yako nimeweka, benkini imeingia,
Lakini nyumba yalia, chini kwa chini, shimoni.

Sinki la Mama Nzilani, maji sasa husimama,
Sufuria na sahani, mapovuni zimezama,
Kisha bomba la jikoni lakohoa na kuhema,
Tukasingizia nyama, mafuta yake bombani.

Ngolo juu akivuta maji ya choo usiku,
Chini tundu latokota, lalia ku-ku-ku-ku-ku,
Mwana wa Kadzo huita, "Njoo, njoo, bibi kuku!"
Tukacheka kila siku, ole wetu majununi.

Masika yakatufika, harufu ikazagaa,
Ubani nikauweka chetezoni, na makaa,
Udi wa harusi, kaka, na huo haukufaa,
Uvundo waja kukaa sebuleni, na wageni.

Na ule mchicha wangu, ulo nyuma ya ukuta,
Jani moja tele chungu, kijani chake chameta,
Nikagawa kwa wenzangu, kila jirani kapata,
Hakuna alonipita kwa sifa hapa mjini.

Mvua ilipokoma, pale hapakukauka,
Kandambili ikazama nilipokwenda anika,
Nikaivuta kwa hima, nyeusi, yachuruzika,
Ndipo mbio nikasaka Chengo wa Mishomoroni.

Chengo hakuleta nyundo, alileta masuali:
"Waanza lini uvundo? Bomba zote, au mbili?"
Akasikiza vishindo bombani, bila kujali,
"Na lilivutwa awali, tangi hili, mwaka gani?"

Kimya kikatushukia, hakuna mwenye jawabu,
Babako, alofukia, naye kazikwa, Rajabu,
Nawe juu ukatia duka la kodi, ajabu!
Kagonga kwa taratibu Chengo, mle sakafuni.

Palipojibu kwa ngoma, akavunja, akachimba,
Akazamisha kupima fito, hadi kwenye mwamba,
Tope zito limekwama, shibiri lifike bomba.
"Mngengoja," kaniamba, "mwezi, yangekuwa ndani."

Kisima kile, Badawi, hatua kumi na mbili,
Matumbawe hayazuwi, wala hayana kufuli,
Tangu juzi hatuyanywi, twanunua, tena ghali,
Kwa mkokoteni, hili nalo lihesabu deni.

Mchicha nimeung'oa usiku, kwa kujificha,
Mwanarusi hujitoa kuja kuomba mchicha,
Najikuna, nakohoa, nasema, mbegu zachacha,
Naogopa kukikucha atauliza: kwa nini?

Chengo asema majumba huumwa kabla ya kufa,
Kwanza hukohoa bomba, kisha mchicha na sifa,
Ndipo siku moja chumba chafurika kwa maafa,
Kumbe zote taarifa zilifika sikioni.

Lori la kuvuta laja Jumamosi, saa mbili,
Na duka tutalivunja, usinune, tafadhali,
Risiti moja kwa moja utaziona kamili,
Ile ghorofa ya pili iache karatasini.

Sasa silali kwa raha, nalala nikisikiza,
Sinki likivunja staha, naamka, nauliza,
Na mwana hana furaha, kuku wake kanyamaza,
Huinama akiwaza, aita: "Bibi!" tunduni.

Mimi Mishi,
chumba cha uani, Mtopanga.

Nyongeza: Chengo bado hajalipwa.